Programu ya Dukani Ikifunguka Mara Mbili, Anayekatwa Mshahara ni Nani?

Naanza na msimamo wangu moja kwa moja. Programu ya mauzo iliyo kwenye kompyuta ya duka haifai kukubali kufunguliwa mara mbili kwa wakati mmoja kwenye mashine hiyo hiyo. Ikikubali, ina kasoro. Hata kama inapendeza machoni, hata kama fundi aliyeiweka ni mtu wa heshima zake, hata kama imefanya kazi miaka mitatu bila mtu kulalamika. Na mwenye duka ana haki ya kumrudia fundi na kumwambia: hebu irekebishe hii.

Utauliza, sisi watu wa pesa za simu tunaingiliaje mambo ya kompyuta? Tunaingia kwa sababu siku hizi simu na kompyuta ni mke na mume. Pesa inatoka kwenye simu ya mteja, lakini kinachoamua kama mauzo yameandikwa ni ile mashine iliyo nyuma ya kaunta. Mashine ikikosea, mteja analaumu simu, mwenye duka analaumu kijana wake, na kijana hana wa kumlaumu. Na mara nyingi kosa halikuwa la yeyote kati ya hao watatu. Lilikuwa madirisha mawili ya programu moja, moja limejificha nyuma ya jingine.

Chukua Biashara Street hapa Mombasa. Hii ni mtaa wa leso. Kuna maduka ambayo yameona mengi kabla ya kompyuta kujulikana: biashara ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Mali ya Abdulla, ilianza mwaka 1887. Wiki ya mwisho ya Ramadhani ukipita pale utajua kwamba biashara bado ipo. Kina mama wametoka Likoni, Kisauni, wengine Kwale na Kilifi, kila mmoja anataka leso yenye jina fulani na rangi fulani, nje mafundi wa kupinda wako na cherehani zao, mkokoteni unataka njia, na kaunta moja inahudumia watu sita kwa pamoja. Zamani kwenye kaunta kulikuwa na daftari moja na kalamu moja. Hata awe mwenye duka mkali vipi, hakuhitaji kumwambia mtu usifungue daftari la pili la siku hiyo hiyo. Ungelifungua la nini? Ungeonekana mwizi.

Kompyuta imetuondolea ile haya. Daftari la pili linafunguka kwa kubonyeza tu.

Linafungukaje? Njia ya kwanza ni uzito wa mashine. Kompyuta nyingi za dukani ni kuukuu, zimenunuliwa mitumba, diski yake inasaga kama mawe. Kijana anafika asubuhi, anabonyeza alama ya programu mara mbili, hakuna kitu. Anangoja kidogo. Mteja ashaingia. Anabonyeza tena. Baada ya muda programu inafunguka, anashukuru Mungu, anaanza kazi, hajui kwamba nyuma yake kuna ya pili imefunguka vile vile. Njia ya pili ni ya kukusudia kabisa, na hiyo nitairudia kwa sababu ndiyo yenye maana zaidi.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tuseme kuna pea 40 za leso ya aina moja, na kila pea ni shilingi 600. Dirisha la kwanza limefunguka, limesoma stoki: 40. La pili nalo limefunguka, limesoma: 40. Dirisha la kwanza linauza pea 3, linatoa 3 kwenye 40, linaandika 37. Dada mwingine wa duka, bila kujua, anatumia lile la pili. Anauza pea 2. Dirisha hilo bado linakumbuka 40 ya asubuhi, linatoa 2, linaandika 38 juu ya ile 37. Rafuni zimebaki pea 35. Kompyuta inasema 38.

Jioni bosi anahesabu. Pea tatu hazipo. Shilingi 1,800.

Hapo angalia jinsi watu wanavyofikiri. Hakuna anayesema “kompyuta imejidanganya.” Tunasema kompyuta haidanganyi. Kwa hiyo aliyedanganya ni mtu, na mtu mwenyewe ni yule anayesimama kaunta, msichana wa miaka ishirini na mbili labda, anayelipwa kwa mwezi pesa ambayo akikatwa 1,800 anabaki anahesabu nauli. Na asiombe ikawa hivyo kila wiki, maana basi si kukatwa tena, ni kufukuzwa, na jina linamfuata mtaa mzima. Biashara Street si refu. Habari ya kwamba fulani ana mkono mrefu inafika Barabara ya Digo kabla yake yeye mwenyewe kufika.

Upande wa pesa mambo ni hayo hayo ila yanageuka. Programu nyingi sasa zimeunganishwa na till namba: mteja akilipa, taarifa ya malipo inaingia yenyewe kwenye kompyuta na mauzo yanaandikwa. Kama madirisha mawili yote yamekaa yanasubiri taarifa, na fundi hakuweka kizuizi, malipo mamoja ya shilingi 1,200 yanaweza kuandikwa na yote mawili. Ripoti ya jioni inasema duka limeuza zaidi ya pesa iliyoingia. Tofauti ni 1,200. “Iko wapi?” Haiko popote, haikuwahi kuwepo.

Na kwa duka lililounganishwa na eTIMS ya KRA, zile 1,200 za hewani zinaweza kutoka na ankara yake ya kodi. Kama duka limesajiliwa kwa VAT, kwa kiwango cha asilimia 16 hiyo ni shilingi 165 na kitu za kodi juu ya mauzo ambayo hayakufanyika. Ankara ikishatumwa haifutwi kwa kalamu, inarekebishwa kwa kutoa kredinoti. Mara moja ni sawa. Msimu mzima wa Idd, ni kazi ya mhasibu, na mhasibu halipwi kwa asante.

Niseme neno juu ya kukatana mishahara, maana wengi hawajui. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata upungufu wa pesa pale tu upungufu huo umetokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi mwenyewe, na mfanyakazi huyo awe ameajiriwa kwa mkataba unaosema wazi kwamba amekabidhiwa kazi ya kupokea, kutunza na kulipa pesa. Na makato yote kwa jumla hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara. Sheria haisemi “kompyuta ikionyesha pungufu, kata.” Upungufu uliozaliwa na madirisha mawili si uzembe wa aliyekuwa kaunta. Ukimkata, wewe ndiye unayemdai bure.

Kwa hiyo kabla hujamuita mtu ofisini, chukua taarifa ya till yako kutoka kwa kampuni inayokupokelea malipo, uilinganishe na ripoti ya kompyuta, msimbo kwa msimbo. Kila malipo ya M-Pesa yana msimbo wake wa herufi na namba kumi, na haurudiwi kwa malipo mengine. Ukiona kwenye ripoti ya kompyuta msimbo mmoja umetokea mara mbili, umepata jibu. Hakuna mwizi. Kuna programu imeandika mara mbili.

Sasa, dawa. Jambo lenyewe si geni wala si gumu, na ndiyo maana nasema hatufai kulivumilia. Kama umewahi kutumia WhatsApp kwenye kompyuta, ukaifungua kwenye ukurasa mmoja kisha ukaifungua tena kwenye ukurasa mwingine wa kivinjari hicho hicho, unajua kinachotokea. Inakuambia iko wazi kwenye dirisha jingine, na inakuuliza kama ungependa kuitumia hapa. Huwezi kuandika pande mbili. Kama programu ya kupiga soga imefikiria hilo, ile inayoshika pesa yako ina udhuru gani?

Kwa programu ya kompyuta yenye Windows, kazi inafanywa na kitu ambacho ni rahisi kukiita kufuli lenye jina. Programu ikiamka, kabla ya kuonyesha chochote, inaiambia Windows: nitengenezee kufuli linaloitwa, tuseme, Duka-la-Leso. Kama hakuna kufuli la jina hilo, Windows inalitengeneza na programu inaendelea. Kama lipo tayari, Windows inajibu kwamba lipo, na programu inajua kuna mwenzake keshatangulia. Hapo programu iliyoandikwa vizuri haitoi kelele. Inalitafuta lile dirisha la kwanza, inalileta mbele ya macho, kisha yenyewe inajiondoa kimya kimya. Yule kijana aliyebonyeza mara mbili anaona programu moja, anaendelea na kazi, hajui hata kama kuna jambo lilitaka kutokea. Kwa fundi ni mistari michache ya maandishi. Si wiki nzima, wala si sababu ya kukudai elfu ishirini.

Kuna mafundi wanaofanya kwa njia nyingine: programu ikifunguka inaandika kifaili kidogo kwenye diski, kama alama ya “nipo ndani.” Ikifungwa inakifuta. Njia hii si mbaya sana, hata LibreOffice hufanya hivyo kwa hati zake. Lakini Mombasa tunaujua umeme wetu. Stima ikikatika katikati ya mauzo na huna betri ya akiba, programu inakufa bila kufuta kile kifaili. Stima ikirudi, kompyuta inawaka, programu inakikuta kifaili, inasema “programu ishafunguliwa” na inakataa kufunguka, ilhali hakuna kilichofunguliwa. Wateja wamejaa. Kijana anampigia fundi, fundi anamfundisha kwa simu namna ya kukitafuta kifaili na kukifuta. Basi, tangu siku hiyo kijana amepata ufunguo wa mlango wa nyuma. Kila programu ikikataa, anafuta kifaili, hata pale ambapo ilikataa kwa haki.

Kufuli la Windows halina shida hiyo. Linakaa kwenye kumbukumbu ya mashine inapofanya kazi, halikai kwenye diski. Programu ikifa, kwa stima au kwa kuganda, Windows yenyewe inaliachilia. Ndiyo maana nikiulizwa kati ya hizi mbili, jibu langu halina kigugumizi.

Kuna tundu moja la kuliangalia, na hili mwambie fundi wako hata kama atakuona mjuaji. Maduka mengine kompyuta ni moja lakini watumiaji wa Windows ni wawili: bosi ana jina lake na nenosiri lake, kijana ana lake, na wanabadilishana bila kuzima. Kufuli la kawaida linaonekana na mtumiaji mmoja tu. Bosi akiacha programu yake wazi na kijana akaingia kwa jina lake, kufuli la bosi halimzuii. Fundi anatakiwa alitengeneze kufuli kwa jina linaloanza na neno Global, ndipo litaonekana na watumiaji wote wa mashine ile. Neno moja hilo, na nusu ya mafundi wanalisahau.

Nilisema kuna njia ya pili ya programu kufunguka mara mbili, ya kukusudia. Hii ndiyo inayonifanya nisiwe upande wa wale wanaosema “funga tu, wakome.”

Mama amechagua leso zake nne, kijana ameshazipiga zote kwenye kompyuta, jumla 2,400. Mama anafungua simu, salio halitoshi. “Ngoja mwanangu nimpigie baba watoto anitumie.” Anasogea pembeni. Nyuma yake kuna mwingine ameshika vikoi viwili na pesa mkononi: “Dada, mimi nina haraka, feri inanisubiri.” Kijana afanye nini? Akifuta mauzo ya mama, ataanza upya. Akimngojesha wa pili, ataondoka aende duka la pili, na duka la pili liko hatua tatu. Basi anafungua programu tena, anamuuzia yule wa vikoi kwenye dirisha la pili, halafu mama akipata pesa anarudi kwenye la kwanza. Huyo si mzembe. Huyo ni muuzaji mzuri. Ameokoa mauzo mawili.

Ukimfungia dirisha la pili bila kumpa njia nyingine, utakuwa umemfunga mkono. Na watu wakifungwa mkono wanatafuta mguu: atawasha kompyuta ya stoo, ataandika kwenye kikaratasi, ataingia kwa jina la bosi. Kwa hiyo unapomwambia fundi aweke kufuli, mwambie pia aweke kitufe cha kuweka mauzo kando. Mama anasubiri? Bonyeza, mauzo yake yanakaa pembeni na jina au namba, unahudumia mwingine, kisha unayarudisha. Programu nyingi nzuri za mauzo zinacho. Kama yako haina, kufuli peke yake litakuletea balaa jingine, na nakubaliana na kijana atakayelilalamikia.

Maduka yenye kaunta mbili na kompyuta mbili nayo yana haki yao. Pale haiwezekani kusema dirisha moja tu, kwa sababu kaunta mbili ni mbili. Kufuli la mashine moja halijui kinachoendelea kwenye mashine ya pili, na wala halifai kujua. Hapo dawa iko ndani ya hesabu yenyewe. Kumbuka lile kosa letu la 40: madirisha yaliandika jibu, “zimebaki 38,” badala ya kuandika kitendo, “toa 2.” Kama kila kompyuta ingeiambia hifadhidata “toa 3” na nyingine “toa 2,” hifadhidata ingefanya moja baada ya nyingine na kufika 35, iwe kompyuta ni mbili au saba. Fundi anayejenga programu ya kaunta nyingi bila kulijua hili anajenga nyumba ya ghorofa kwa msumari wa kitanda.

Na kwa upande wa malipo kuna kufuli la ndani zaidi ambalo kwangu mimi ndilo muhimu kuliko yote: msimbo wa malipo. Hifadhidata iambiwe kwamba msimbo mmoja unaandikwa mara moja, basi. Ukija mara ya pili, kutoka dirisha lolote, kompyuta yoyote, kwa mkono au kwa mtandao, ukataliwe. Hili linazuia mashine kuandika mara mbili, na linazuia pia ule ujanja wa mtu kuonyesha ujumbe ule ule wa malipo asubuhi kwa huyu na mchana kwa yule. Fundi akikuambia kufuli la dirisha linatosha, si kweli. Akikuambia kufuli la msimbo linatosha na dirisha si neno, hiyo nayo nusu ni kweli, kwa sababu stoki bado itapotea na namba za risiti zitagongana. Uwe nayo yote mawili.

Mifumo ya malipo yenyewe inalijua hili. Programu ya duka inapotuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja, lile linaloomba PIN, na mteja huyo tayari ana ombi jingine linaloshughulikiwa, mfumo wa M-Pesa hurudisha la pili kwa msimbo 1001, maana yake mteja huyu ana muamala unaoendelea, haiwezekani kumshika mara mbili. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa ya mtu imekuwa ikilindwa na mambo ya namna hii ambayo hatuyaoni. Lakini ulinzi huo unahusu wakati ule muamala uko njiani. La kwanza likishakamilika, ombi la pili likitumwa na dirisha la pili ni ombi jipya na halali kabisa mbele ya mfumo. Litafika kwenye simu, litaomba PIN, na ukiweka, pesa itatoka.

Hapa ndipo nawageukia nyinyi mnaolipa. Ukiwa umesimama kaunta, umeweka PIN, halafu ombi la pili linatokea kwenye simu, usiweke PIN kwa kudhani la kwanza lilikwama. Lighairi. Ngoja ujumbe wa malipo. Ukifika, muonyeshe muuzaji. Akisema “kwangu haijaingia, ami, jaribu tena,” muombe kwa upole aangalie kama ana dirisha jingine la programu wazi, au aangalie kwenye simu inayopokea ujumbe wa till. Upole huo ni muhimu. Yule kijana naye anaona skrini inayosema hujalipa, na mwisho wa siku ni yeye atakayeulizwa. Wengi wa hawa wanaotuambia “haijaingia” hawatuibii, wanasoma walichoandikiwa.

Na kama umeshalipa mara mbili, usiondoke dukani ukisema utarudi kesho. Misimbo ni miwili, iko kwenye simu yako, na taarifa ya till ya duka inayo yote miwili. Kaeni mlinganishe pale pale. Duka lenye taarifa mbele yake halina sababu ya kubishana na wewe, na wewe ukiwa na ujumbe mikononi huna sababu ya kupandisha sauti.

Kwa mwenye duka, jaribio lenyewe ni la dakika tano, na lifanye leo jioni ukishafunga mlango. Funga programu kabisa. Bonyeza alama yake, na kabla haijafunguka ibonyeze tena, kisha tena. Ngoja dakika nzima. Angalia chini kwenye ule mstari wa Windows kuna madirisha mangapi. Likiwa moja, vizuri. Yakiwa mawili au matatu, yapige picha kwa simu. Kisha funga yote, ingia kwa jina la mtumiaji mwingine kama mnalo, rudia. Mwisho, fungua programu, chomoa waya wa kompyuta kutoka ukutani kama stima imekatika (baada ya kuhakikisha hakuna mauzo yaliyo wazi, na fundi awe ameshakuwekea nakala ya hifadhidata pembeni), uiwashe tena, uone kama programu inakubali kufunguka bila ya mtu kufuta kitu.

Picha hizo mtumie fundi. Muombe vitu vinne kwa majina: dirisha moja kwa mashine nzima, kitufe cha kuweka mauzo kando, stoki inayopunguzwa kwa “toa” na si kwa kuandika upya, na msimbo wa malipo usiokubalika mara mbili. Ukiwa na fundi mzuri atakuuliza swali moja au mawili kisha atakwenda kufanya. Akianza kukuambia kwamba shida ni vijana wako hawajui kompyuta, tafuta fundi mwingine kabla ya Ramadhani.

Na kama kuna mtu ulimkata mshahara mwezi huu kwa sababu ya tofauti ya leso au ya till, zile ripoti bado ziko kwenye kompyuta. Zitoe, uzilinganishe na taarifa ya malipo, msimbo kwa msimbo, yeye akiwa amekaa hapo karibu nawe anaangalia.